Kuku wa Kizwite Waliojinyonyoa

Dominika alifukuzwa utawani kwa sababu ya kucheka. Hakuiba, hakupata mimba, hakumtukana mtu, alicheka tu. Mara ya kwanza ilikuwa mezani, wakati mnovisi mwenzake akiwasomea kwa sauti habari za mfiadini aliyechomwa juu ya chuma cha moto, na Dominika akakumbuka kwamba zamu ya kukaanga maandazi siku hiyo ilikuwa yake na mafuta alikuwa ameyaacha jikoni yanaungua. Mara ya pili ilikuwa kwenye mafungo. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa Kuu: kanisa zima limepiga magoti, padri mzee amelala kifudifudi mbele ya altare, kimya kimetanda, na padri mzee akaachia upepo mrefu wenye kona tatu. Masista wote waliusikia na wote wakatazama sakafu. Dominika peke yake ndiye aliyetikisika mabega mpaka benchi likalia.

Mama mlezi alimwita Jumatatu ya Pasaka. "Mwanangu," akamwambia, "Bwana anakupenda, lakini si lazima akupendee humu ndani."

Akarudi nyumbani Sumbawanga na sanduku la mbao, rozari mbili na ujuzi mmoja. Miaka miwili na nusu aliyokaa kule, banda la kuku lilikuwa mikononi mwake, maana masista waligundua mapema kwamba huko ndiko kicheko chake hakimkwazi mtu.

Aliolewa na Zenon, mtunza ghala wa chama cha ushirika, wakajenga Kizwite, wakapata binti, Herieth. Zenon alikuwa mrefu, mpole, na mwenye imani moja kubwa maishani: kitu kikifaa, kikizidishwa kitafaa zaidi. Alipougua malaria mwaka wa kwanza wa ndoa alimeza vidonge vya siku tatu kwa mkupuo ili apone siku hiyo hiyo. Akapona, masikio yakivuma wiki mbili. Alipoipaka nyumba chokaa aliipaka mara sita, mpaka kuta zikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu. Dominika alimpenda hivyo hivyo. Alisema mume asiye na kasoro atakuchosha, hutakuwa na la kumcheka.

Zama za ruksa zilifika Sumbawanga kwa lori. Zamani dukani mlikuwa na chumvi, kiberiti na picha ukutani. Sasa pakajaa sabuni za kunukia za kila rangi, mitumba, redio za kanda, na biskuti kutoka nchi ambazo hata mwalimu wa jiografia alizitafuta kwenye ramani. Kila kitu kiliruhusiwa, na chama cha ushirika nacho kikaruhusiwa kufa. Zenon alirudi nyumbani Ijumaa moja akikokota baiskeli aliyopewa kama kiinua mgongo. Akakaa kizingitini.

"Mama Herieth," akasema, "nimekuwa huru."

"Huru kufanya nini?"

"Hawajasema."

Dominika hakungoja waseme. Mwezi uliofuata aliagiza vifaranga sitini wa kuku wa mayai kutoka Mbeya. Walikuja kwa basi, ndani ya maboksi yenye matundu, kondakta akilalamika kwamba wanapiga kelele kuliko abiria na hawana tiketi. Watatu walikufa njiani. Hamsini na saba waliobaki walikua, wakanenepa, wakawa na macho ya watu wasio na wasiwasi na maisha.

Tabu ilikuwa chakula. Cha viwandani kilitoka Mbeya kwa basi hilo hilo, na masika barabara ikigeuka uji kilifika mwezi mzima umepita, kinanuka ukungu. Dominika akaamua kuchanganya mwenyewe kama alivyofundishwa: pumba kutoka mashine ya kusaga, mashudu ya alizeti, dagaa wa Kirando, mifupa iliyochomwa na kutwangwa, chumvi kidogo. Kuku wakataga. Mayai yakawa makubwa, safi, maganda magumu. Lakini ukilivunja yai, kiini chake kilikuwa kimepauka kama uso wa mtu aliyeamka kutoka homani. Mahindi ya Ufipa ni meupe, na kuku wa kufungiwa ndani hajui jani linafananaje.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Felisian, mwenye hoteli karibu na stendi ya mabasi, mtu mnene aliyeongea akitafuna njiti. Alikuja mwenyewe na trei mkononi.

"Mama Herieth, mayai yako hayana damu. Jana dereva wa lori ameniuliza, hili ni yai au ni uji?"

"Ulimjibuje?"

"Nilimwambia ni yai. Akaniomba nimwapie."

Akarudisha trei, akaenda kununua mayai madogo ya kienyeji sokoni. Hayo kiini chake ni cha rangi ya dhahabu, na dereva haombi mtu aape.

Dominika akamwita bwana mifugo. Leonidas alikuwa kijana nadhifu mwenye pikipiki ya mradi, na alikuwa amehudhuria semina Morogoro. Tangu arudi, hakuweza kumaliza sentensi bila neno kitaalamu. Alisimama nje ya banda ili viatu visichafuke, akachungulia.

"Kitaalamu, mama, rangi ya kiini haina uhusiano na lishe. Yai ni yai."

"Kamwambie dereva wa lori."

"Kuna unga maalumu wa rangi. Unapatikana Dar es Salaam."

"Hakuna cha karibu zaidi?"

"Kitaalamu, hakuna."

"Na majani je? Kuku wa kienyeji wanakula majani."

Leonidas akatabasamu kwa huruma. "Majani ni chakula cha mbuzi, mama."

Jibu lilikuja kutoka bondeni, juu ya gunia la mchele. Sayi alikuwa mwanamke wa Kisukuma wa Milepa, ambaye ukoo wake ulikuwa umehama na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga ukaishia bonde la Rukwa, kwenye nyasi na joto. Kila baada ya wiki mbili alipanda na mchele mjini na kulala kwa Dominika. Walikuwa wamejuana hospitalini, kila mmoja akimuuguza mama mkwe wake, na kila mmoja akimwombea kwa bidii mama mkwe wa mwenzake.

Asubuhi hiyo Sayi alivunja yai kwenye kikaango, akalitazama kwa muda.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma kama ilivyokuwa desturi yake, "kuku huyu mmemfunga kwa kosa gani?"

"Anakula vizuri kuliko mimi."

"Anakula unga mtupu. Sisi kwetu kiini ni chekundu kama udongo wa kichuguu. Kuku wetu wanakula lusina."

Lusina ilikuwa miti myembamba yenye vijani vidogo vidogo kama vya mkwaju, iliyopandwa Milepa kuzunguka uwanja wa shule na mradi mmoja uliokuja kuokoa udongo. Mradi ulikwisha, magari meupe yakaondoka, kibao kikang'olewa kikawa mlango wa choo. Miti ikabaki na kuongezeka bila kumwomba mtu ruhusa. Mbuzi waliipenda, kuku waliokota majani yaliyodondoka, na Sayi, ambaye hakuna jani aliloliona asitake kulikausha, alikuwa na gunia zima nyumbani kwa ajili ya kiangazi. Kwao kila mboga hukaushwa, kunde, mgagani, mlenda. Alisema Mfipa akishiba leo anasahau kesho ipo.

Dominika akashuka naye Milepa kwa lori lililopeleka chumvi. Alikaa siku nne. Walichuma matawi machanga asubuhi, umande ukishakauka, wakayatandaza kwenye turubai chini ya paa la nyasi.

"Yakiguswa na jua yanakuwa nyasi kavu tu," Sayi alimwambia. "Kijani ndicho tunachokitaka. Geuza, geuza, usichoke."

Siku ya tatu vijani vilipukutika vyenyewe kwenye vijiti. Wakatwanga, wakachekecha, wakapata unga laini wa kijani kibichi wenye harufu kama ya majani ya chai kabla hayajawekwa kwenye pakiti. Sayi akamfungia gunia, akampa kipimo: ndoo moja ya chakula, vikombe viwili vya majani.

"Usizidishe."

"Nikizidisha?"

"Yatakuvulia kuku."

Dominika akacheka. Alidhani Sayi ametaka kusema yatawaua, au yatawaharisha, na kwamba Kiswahili chake kimeteleza njiani. "Kiswahili chako kina chongo," akamwambia. Sayi akaligeukia gunia, akakaza kamba.

Siku kumi baada ya kurudi Kizwite, Dominika alivunja yai akakuta kiini cha njano iliyokolea, kimesimama katikati ya ute kama mtu aliyepandishwa cheo. Akamwita Zenon. Zenon akalitazama, akavua kofia. Dominika akampelekea Felisian trei moja. Felisian akakaanga mawili, akamwita mpishi aje aone, akamwita na mhasibu wake. Dereva wa lori, yule yule, alikula matatu akauliza kama yapo ya kuchemsha ya kwenda nayo Tunduma. Leonidas naye alipita, akaonjeshwa, akatafuna polepole akitazama dari.

"Kitaalamu," akasema, "inawezekana."

Mwezi haukuisha kabla mji mzima haujajua mayai ya Dominika. Na hapo ndipo Mzee Adolfu alipomjia.

Adolfu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikristo, mtu aliyesali kwa sauti ya kutoa taarifa. Mwanawe, Vitus, alikuwa apewe upadri mwezi wa saba, na Jumapili itakayofuata asome misa yake ya kwanza Kizwite. Tangu tarehe itangazwe, Adolfu alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Alitaka trei kumi za mayai kwa ajili ya keki.

"Keki iwe ya njano," akasema. "Mtu akiiona kutoka mlangoni ajue hapa kuna padri."

Dominika akakubali. Mayai mia tatu kwa kuku wake ilikuwa kazi ya wiki moja tu. Lakini wiki nne kabla ya misa ikaja habari kutoka Ilemba kwamba shangazi yake yu mahututi. Akafunga kanga zake, akamwachia Zenon banda, akamwonyesha kikombe.

"Viwili kwa ndoo, baba Herieth."

"Viwili," Zenon akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka nadhiri.

Shangazi alichukua siku tisa kufa na wiki nyingine kuzikwa, kwa sababu wanawe wawili walikuwa wakigombana kuhusu nani alimpenda zaidi, na kila mmoja alitaka ng'ombe wake ndiye achinjwe. Dominika akakaa karibu wiki tatu.

Huko nyuma Zenon alishika kipimo kwa siku mbili. Siku ya tatu aliketi mbele ya banda akafikiri. Ikiwa vikombe viwili vimeleta njano hii, na keki hii ni ya padri, je, vikombe sita? Akaweka sita. Kuku wakala kwa kusitasita. Akaweka kumi. Mayai yakapungua kutoka arobaini na tano hadi thelathini, na Zenon, akiona yanapungua, akajua dawa haijatosha. Akaongeza. Mayai yakawa kumi na moja. Akaongeza tena, sasa akimimina bila kikombe. Wiki ya tatu ilipoanza hapakuwa na yai hata moja, na manyoya yakaanza kudondoka.

Yalianza shingoni, yakashuka mgongoni, yakafuata ya mkiani. Upepo wa mwezi wa sita Sumbawanga si wa mchezo; uliyachukua manyoya ukayagawa mtaa mzima, yakaingia kwenye sufuria za watu na kwenye nguo zilizoanikwa. Zenon aliyafagia asubuhi na jioni. Lakini kuku wa kisasa ni mweupe, na kuku mweupe asiye na manyoya anaonekana wa waridi, na kitu cha waridi kinachotembea uani hakifichiki. Adolfu alipokuja kuuliza mayai yake alikuta kuku hamsini na saba, wengi wao uchi nusu, wamejikunyata kwa baridi kama watu waliotoka kuoga mtoni wakakuta nguo zao zimeibiwa. Akafanya ishara ya msalaba.

Kizwite maelezo ya jambo huwa tayari kabla jambo lenyewe halijamaliza kutokea. Jioni hiyo ilishajulikana kwamba kuna mtu ana kijicho na upadri wa Vitus. Kesho yake ilijulikana kwamba kijicho kimetoka bondeni, ndani ya gunia, na kwamba yule Msukuma wa mchele si bure. Mtu gani anayesafiri na unga wa kijani? Watu wawili watatu walisema akipanda tena na mchele wake wamsubiri stendi.

Dominika alishuka kwenye lori kutoka Ilemba Alhamisi, siku kumi kabla ya misa, akakuta uani kwake pamejaa. Adolfu alikuwa amekalia kiti. Mkewe, Albina, alikuwa amesimama na akina mama wa jumuiya, mikono vifuani. Leonidas alikuwa karibu na pikipiki yake, daftari wazi. Zenon alikuwa nyuma ya mti wa mparachichi, ambao haukumtosha.

Dominika akamwamkia Adolfu shikamoo, akatua mzigo, akatazama kuku. Wote walikuwa wanangoja apige yowe.

"Pole na msiba," Adolfu akasema hatimaye. "Na huu nao ni msiba. Bwana mifugo ana neno."

Leonidas akakohoa. "Kitaalamu, huu ni ugonjwa wa kuambukiza ambao bado haujapewa jina. Utaratibu ni kuwachoma wote, na banda."

"Na lile gunia," Albina akaongeza.

"Na aliyelileta asikanyage tena hapa," akasema mwingine.

Dominika akaingia bandani, akatia mkono ndani ya chombo cha chakula. Mkono ukatoka wa kijani mpaka kwenye kifundo. Akaunusa, akatoka nje, akatazama kule kwenye mparachichi.

"Baba Herieth. Uliweka vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Viwili vya lini?"

Zenon akatafakari. "Vya mwanzo."

"Halafu?"

"Niliongeza kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

Zenon akatoka nyuma ya mti. Aliinamia ndoo akaonyesha kwa kiganja, karibu na nusu yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli akishabanwa, akapandisha kiganja juu zaidi.

Dominika akamtazama, akatazama jogoo pekee wa banda lile, aliyebakiwa na unyoya mmoja tu mkiani, akiubeba kwa heshima zote. Akahisi mabega yanaanza kutikisika. Alikuwa ametoka kuzika, kijiji kizima cha Ilemba kilikuwa kimemliza, na sasa alicheka mpaka akashika ukuta. Adolfu akachukia.

"Unacheka nini, mama Herieth?"

"Hawajalogwa, Mzee. Wamelishwa majani kama mbuzi. Sayi aliniambia nikizidisha yatawavua, nami nikamcheka Kiswahili chake."

"Jani linamvuaje kuku?"

"Sijui linavyomvua. Najua limemvua."

"Kitaalamu—" Leonidas akaanza.

"Kitaalamu ulisema majani ni ya mbuzi, na baadaye ukayala mayai yangu." Akafuta mkono kwenye kanga, na sasa hakuwa anacheka. "Mtu akimgusa Sayi pale stendi, atakuwa amempiga mtu kwa kosa la mume wangu. Kama ni uchawi, basi kuku hawa watanidhuru mimi wa kwanza. Subirini hapo."

Akakamata mtetea mmoja aliyebaki mtupu kabisa, akamwita Zenon amchinje. Albina, ambaye alikuwa mama wa nyumbani kabla ya kuwa mke wa mwenyekiti, hakuweza kusimama tu na kutazama mtu akihangaika jikoni. Akaingia kusaidia. Akamshika kuku, akamgeuza, akamgeuza tena.

"Huyu hata maji ya moto hahitaji," akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama wivu.

Wakamchemsha na kitunguu na chumvi. Watu wakakaa kusubiri. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka kabla Dominika hajadhurika. Chakula kilipoiva alikula paja mbele yao, polepole, akanyonya na mfupa. Zenon alipewa sehemu kubwa ya kilichobaki, na alikula ameinamisha kichwa kama mtu anayetimiza kitubio. Adolfu akangoja. Leonidas akatazama saa. Kisha harufu ikamshinda mama mmoja wa jumuiya, akaomba shingo.

Asubuhi wote watatu walikuwa hai. Mama aliyekula shingo aliulizia kama kuna nyingine.

Hata hivyo Adolfu alibaki na tatizo lake: hana mayai, hana keki ya njano, na jina la mwanawe limeshachanganywa na kuku wa uchi. Aliyelimaliza jambo ni Vitus. Alifika Kizwite Jumatano baada ya kupewa upadri, kijana mwembamba mwenye miwani, akasikia habari kutoka kwa watu saba tofauti, na kabla hajanywa chai akaenda kwa Dominika kujionea mwenyewe.

"Shikamoo, mama Herieth."

Dominika hakujua kama padri wa siku nne anaitikiwa marahaba. Akaitikia.

Vitus alisimama mlangoni mwa banda. Yule jogoo wa unyoya mmoja akapita mbele yake taratibu, kifua mbele. Padri mpya akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha, kisha akakaa chini kwenye gogo na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Baba yake alikuja nyuma yake na uso wa Kwaresima.

"Baba," Vitus akasema alipoweza kusema, "hawa hawa ndio tutakaowala."

"Mbele ya wageni?"

"Akina mama wangapi walikuwa wamepangiwa kunyonyoa kuku Jumamosi?"

Albina akajibu haraka kuliko mumewe. "Kumi na mbili. Tumeshalalamika."

Wakachinjwa ishirini, wale waliokuwa wabaya zaidi, na wanawake kumi na wawili wa jumuiya walimaliza kazi ya siku nzima kabla ya saa nne asubuhi. Nao wakapata nafasi ya kwenda kusuka nywele, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika sherehe yoyote ya Kizwite. Keki ilikuwa nyeupe, na Adolfu alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba nyeupe ni rangi ya usafi. Mgeni mmoja kutoka Mbeya aliusifu mchuzi, akauliza ni kuku wa aina gani wenye ngozi laini vile. Leonidas alikuwa meza ya jirani. Alisema kwamba kitaalamu ni aina mpya, bado wako kwenye majaribio.

Kuku thelathini na sita waliosalia walirudishiwa pumba na mashudu bila jani hata moja. Kwa wiki tatu walikuwa na miiba miiba kama ufagio uliokwisha, kisha manyoya yakachipua, mapya, meupe kuliko ya kwanza. Mwezi wa tisa walianza kutaga tena. Sayi alipopanda na mchele, hakuna aliyemsubiri stendi isipokuwa Dominika, aliyekuja kumbebea mzigo na kumwomba radhi.

"Nilikwambia yatakuvulia," Sayi akasema.

"Ulijuaje?"

"Punda wa shemeji yangu Ngeleja. Alimfunga kwenye ua wa lusina kiangazi kizima, akala hayo tu. Mkia wake sasa ni kama wa panya. Nzi wakimjia anawatazama tu."

"Mbona hukuniambia habari za punda?"

"Ulisema Kiswahili changu kina chongo. Nikaona nisikiongezee mzigo."

Walicheka njia nzima kutoka stendi mpaka Kizwite, na watu waliowaona walisema wale wanawake wawili wamekunywa.

Tangu hapo kikombe cha kupimia kilifungwa kwa waya kwenye mkono wa ndoo, na Zenon akakatazwa kukigusa. Akapewa kazi ya kukausha. Kila mwezi wa kiangazi alishuka Milepa kukaa kwa akina Ngeleja, na huko kasoro yake ikapata riziki: majani ya wengine hugeuzwa mara tatu kwa siku, yeye aliyageuza mara ishirini, na hakuna jani lililowahi kudhurika kwa kugeuzwa sana. Unga wake ulitoka kijani kiasi kwamba Sayi mwenyewe aliusifu, kwa Kisukuma, ili asivimbe kichwa.

Leonidas aliandika ripoti. Iliitwa jina refu lenye maneno unga, majani na majaribio, na ndani yake Dominika alitajwa kama mfugaji mmoja. Ilimpeleka semina nyingine, Arusha safari hii. Aliporudi alimletea kanga, akasimama nje ya banda, kisha, baada ya kusita, akaingia na viatu vyake.

Akina mama wa jumuiya wakaanza kufuga, Albina wa kwanza wao. Alikuja na bakuli, akasema anataka ule unga wa yule Msukuma. Dominika akamwambia yule Msukuma ana jina. Albina akavuta pumzi, akasema anataka unga wa Sayi, naye akapimiwa.

Dominika alijaribu kupanda lusina uani kwake. Baridi ya Ufipa iliikunja. Baada ya miaka miwili ilimfika kiunoni. Kwa hiyo mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ya bondeni ilipobomoka na lori lisiweze kushuka miezi miwili, gunia liliisha. Hakulia. Alichuma majani ya mbaazi shambani kwa jirani, akayakausha ndani ya nyumba juu ya kitanda cha Herieth aliyekuwa shuleni, akatwanga, akaweka kikombe kimoja tu, akangoja.

Kiini kikatoka cha njano ya wastani. Akampelekea trei nne Felisian, ambaye alivunja yai moja, akaliinamia, akatafuna njiti yake kwa muda mrefu.

"Hii ni njano ya Kwaresima," akasema.

"Basi fungeni nayo mpaka barabara ipone," Dominika akamjibu, na Felisian akachukua trei zote nne.